Mstari wa 21 haukuibwa: tunapokosea kuhusu Biblia na pumzi ya Mungu

Kwa miezi kadhaa sasa kuna video fupi zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp ya makanisa hapa Dodoma. Katika mojawapo, mtu asiyeonyesha uso anafungua Mathayo 17 katika tafsiri ya Kiingereza ya NIV na kushusha kidole kwenye kioo cha simu: mstari wa 19, wa 20, kisha wa 22. Anauliza mstari wa 21 uko wapi, na anajijibu mwenyewe kwamba wachapishaji wameufuta ili Wakristo waache kufunga. Video nyingine, inayotoka kwa wasioamini, inashika ushahidi uleule na kuutumia kwa kazi nyingine. Inasema Biblia ilipangwa na mfalme Konstantino wa Roma kwenye mkutano wa maaskofu kule Nikea, na tangu hapo kila kizazi kimekata na kuongeza kilichotaka. Wa kwanza anadhani anaitetea Biblia, wa pili anadhani anaibomoa, na wote wawili wameanzia mahali pamoja: kitabu cha Mungu lazima kiwe kimeshuka kizima, herufi kwa herufi, na mkono wa mtu ukionekana ndani yake, uungu umetoka.

Naona kosa liko hapo pa kuanzia. Imani ya Kikristo haijawahi kudai kwamba Biblia iliandikwa bila mikono ya watu. Inadai jambo kubwa zaidi na gumu zaidi kulielewa: kwamba Mungu alisema kweli kupitia watu waliobaki kuwa watu, wenye lugha zao, kumbukumbu zao na baridi yao ya jioni. Mkristo asiyelijua hilo ataogopa kila tanbihi, na woga huo utamfanya aidha aitupe Biblia au amfuate yeyote anayepiga kelele kwamba yeye ndiye anayeilinda. Hili la pili linanitia hofu zaidi.

Jumatano moja, katika ibada ya nyumbani huku Nkuhungu, kijana anayesoma chuo aliionyesha video hiyo ya kwanza. Nyumba ikawa kimya. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani akaichukua Biblia yake ya Union Version, jalada jeusi limeungwa kwa solotepu, akafungua taratibu, akasoma kwa sauti: "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga." Watu wakashusha pumzi, maana mstari upo, Biblia yetu haijaguswa. Aliponipa nami niangalie, niliona kitu ambacho nilikuwa nimekipita kwa miaka mingi bila kukijali. Mstari wote umefungiwa ndani ya mabano ya mraba. Nikafungua sura inayofuata, 18:11: mabano. Matendo 8:37, maneno ya Filipo na yule towashi: mabano. 1 Yohana 5:8, yale maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu: mabano. Ni Biblia ileile iliyotoka mwaka 1952, ambayo wazee wetu walibatizwa nayo na kuzikwa nayo. Waliotafsiri hawakuficha kitu. Walituwekea alama, na sisi hatukuuliza ni ya nini.

Alama hiyo maana yake ni rahisi kueleza. Kabla ya mitambo ya kuchapa, Agano Jipya lilinakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka elfu moja, na nakala za Kigiriki zilizobaki, nzima na vipande, ni zaidi ya 5,000. Hazifanani neno kwa neno. Nyingi ya tofauti zake ni ndogo, tahajia au mpangilio wa maneno, na chache zinagusa mstari mzima. Nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, ya Sinai na ya Vatikano, zote za karne ya 4, hazina Mathayo 17:21. Wataalamu wengi wanaona kwamba mwandishi fulani aliyekuwa akinakili Mathayo aliikumbuka habari hiyohiyo ilivyo katika Marko 9:29, akaiingiza hapo ili injili mbili zifanane. Namba za mistari za Agano Jipya tunazozitumia ziliwekwa mwaka 1551 na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, kabla nakala hizo za kale hazijaanza kulinganishwa kwa makini. Ndiyo maana tafsiri mpya ikiufuata ushahidi wa kale zaidi, namba inabaki na pengo. Mwizi angepanga upya namba ili asijulikane. Hawa wameacha pengo wazi na kuweka tanbihi chini, ambayo kwenye simu inajificha nyuma ya alama ndogo isiyobonyezwa na mtu.

Habari ya 1 Yohana ni nzito zaidi, kwa sababu inagusa Utatu. Erasmus, msomi wa Uholanzi, alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, hakuyaweka maneno ya mashahidi wa mbinguni, kwa kuwa hakuyakuta katika nakala za Kigiriki alizokuwa nazo. Alilaumiwa vikali. Nakala moja yenye maneno hayo ilipoletwa mbele yake, akayaingiza katika toleo la mwaka 1522, na kutoka hapo yakaenea katika tafsiri nyingi za Ulaya. Leo karibu wataalamu wote wa maandiko, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, wanakubali kwamba hayakuwa sehemu ya waraka wa mwanzo. Je, Utatu umeanguka? Kanisa lilikiri Utatu kule Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, likijenga hoja kwa Yohana 1, kwa Mathayo 28:19, kwa maneno ya Yesu kuhusu Baba na Msaidizi. Ukuta ule haukuwa umeegemea tofali hili.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. 2 Timotheo 3:16 ndio mstari unaonukuliwa kila swali hili linapozuka: "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Wanateolojia wetu wanauita uvuvio, na Kiswahili hapa kimetupa zawadi ambayo hatujaifungua. Kuvuvia ni kazi ya jikoni. Mama anainama mbele ya mafiga, anapuliza, kuni zilizokuwa zikifuka moshi zinashika. Pumzi ni yake, moto unawaka kwa sababu yake, lakini kuni zinabaki kuni: za mgunga zinawaka kwa namna ya mgunga, na bua la mtama linawaka kwa namna yake. Hakuna anayetazama moto ule akasema kwamba kuni zimetoweka, wala anayesema kwamba ungewaka bila pumzi. Ukiusoma mstari wa 16 ukiwa na picha hiyo kichwani, waraka wote unaeleweka. Kwa maana ni waraka huohuo, sura moja baadaye, ambamo mwandishi anamwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Ni waraka huohuo unaosema: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Mzee yuko kifungoni, anataka nguo yake na vitabu vyake, ana rafiki mgonjwa. Hayo yote ni andiko.

Na si huko tu. Katika 1 Wakorintho 1, Paulo anataja aliowabatiza Korintho, kisha anajisahihisha akiongeza watu wa nyumba ya Stefana, kisha anakiri kwamba zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. Kama Roho alikuwa anasoma imla na Paulo anaandika tu, nani aliyesahau? Luka anaanza injili yake bila kutaja maono yoyote. Anasema wengi wameandika kabla yake, naye amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, aandike kwa taratibu. Huyo ni mtu aliyefuatilia, akauliza waliokuwepo, akalinganisha. Waraka kwa Warumi una sauti ya karani anayejitokeza ghafla katika 16:22: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Biblia haikuona haya kutuonyesha mikono yake. Sisi ndio tuliona haya kwa niaba yake.

Haya hiyo imetoka wapi? Kwa sehemu, nadhani, imetoka kwenye viwanja vya mihadhara. Sisi Watanzania tumekulia katika mijadala ya hadhara kati ya Wakristo na Waislamu, vipaza sauti, meza imejaa vitabu, umati unasubiri nani atashindwa kujibu. Muislamu anaamini kwamba Qur'ani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad kupitia malaika Jibrili, na kwamba maneno yenyewe ya Kiarabu ni ya Mwenyezi Mungu. Ni imani iliyo wazi na inajisimamia yenyewe. Kosa lilikuwa letu, pale mhubiri wa Kikristo alipopanda jukwaani na kukubali kwamba hicho ndicho kipimo cha kitabu chochote cha Mungu, kisha akahangaika kuonyesha kwamba Biblia nayo inakitimiza. Haikitimizi, na haikuwahi kuahidi kukitimiza. Kwa Mkristo, Neno la Mungu kwa maana ya kwanza kabisa ni yule aliyefanyika mwili akakaa kwetu. Maandiko yana mamlaka kwa sababu Mungu ameyavuvia yamshuhudie yeye. Aliyeazima kipimo cha jirani ataishi akidaiwa na asiweze kulipa.

Wengine wataona kwamba huu ni ulegevu ulioletwa na wasomi. Watazame makanisa yao yenyewe yanafundisha nini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu ufunuo ya mwaka 1965, unasema Mungu aliwachagua watu na kuwatumia wakiwa na uwezo na nguvu zao, hata wakawa waandishi wa kweli, na kwamba vitabu vyao vinafundisha bila kosa ile kweli aliyotaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Upande wa Wainjilisti wenye msimamo mkali zaidi, tamko la Chicago la mwaka 1978, lililoandikwa mahsusi kutetea kwamba Biblia haina kosa, linakataa waziwazi wazo kwamba Mungu alizifuta nafsi za waandishi, na linasema uvuvio kwa maana kamili unahusu maandishi ya mwanzo, wala si kila nakala iliyofuata. Waanglikana, ambao ni wengi katika ardhi hii ya Ugogo, wana Kanuni ya 6 katika zile 39: Maandiko yana mambo yote yanayohitajika kwa wokovu, na kisichosomwa humo wala kuthibitishwa kwayo mtu asilazimishwe kukiamini. Makanisa haya yanatofautiana kwa mengi. Juu ya mikono ya watu hayatofautiani.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Linasema hivi: ukishakubali kwamba watu walihusika, umefungua mlango usioweza kuufunga. Leo utaweka kando mstari wa 21, kesho amri usiyoipenda, keshokutwa ufufuo. Nimewaona waliopita mlango huo mpaka wakatoka nje kabisa, na sitajifanya kwamba hatari haipo. Najibu kwamba kazi ya kulinganisha nakala na kazi ya kuchagua unachopenda ni kazi mbili. Ya kwanza inauliza mwandishi aliandika nini, na inatoa ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu yeyote. Magombo ya kale ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yalipopatikana kuanzia 1947, kitabu cha Isaya kilichomo kilikuwa na umri wa takriban miaka elfu zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana, na kilipolinganishwa kilionekana kuwa, kwa mambo makubwa, Isaya yuleyule tunayemsoma. Uchunguzi uleule unaoweka mabano kwenye Mathayo ndio uliotupa sababu ya kuuamini Isaya. Huwezi kuupokea siku ukikufurahisha na kuuita wa shetani siku ukikusumbua.

Lakini sehemu ya pingamizi hilo inabaki nami. Nikisoma 1 Samweli 15:3, amri ya kuwaua Waamaleki, wanaume na wanawake, watoto na wanyonyao, siwezi kuipita haraka kwa kusema kwamba ni mkono wa mtu, wala siwezi kuisoma mbele ya watoto wa Jumapili nikasema amina bila kutetemeka. Ninachoweza kusema ni kwamba Kanisa limeyasoma Maandiko ya kale kwa kumtazama Kristo, kama alivyowafanyia wale wawili wa njia ya Emau, na kwamba Kristo huyo ndiye aliyesema, "Mmesikia kwamba imenenwa, Jicho kwa jicho," kisha akaongeza, "Lakini mimi nawaambia." Hilo linanipa njia ya kusoma. Halijaondoa uzito wote, na mchungaji anayedai kwake umeondoka ningependa anieleze taratibu.

Hoja ya Konstantino haihitaji muda mrefu. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulijadili mafundisho ya Ario, padri aliyesema Mwana aliumbwa, na tarehe ya Pasaka, ukatoa kanuni 20, na hakuna hata moja inayopanga orodha ya vitabu vya Biblia. Karibu mwaka 180, zaidi ya miaka 90 kabla Konstantino hajazaliwa, Ireneo, askofu wa Lyon, alikuwa tayari anatetea injili nne, tena hizihizi. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, na hivyo tu, iko katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ambaye wafalme, akiwemo Konstantino mwenyewe, walimfukuza kwenye kiti chake mara tano. Mabaraza yaliyoithibitisha, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, yalifanyika Afrika. Kwamba Wakatoliki wana vitabu 73, Waprotestanti 66 na Waorthodoksi wa Ethiopia 81 ni kweli, na inaonyesha kwamba kazi ya kuvitambua ilifanywa na jumuiya za watu kwa muda mrefu. Hakuna mfalme hapo.

Hapa Dodoma tuna ushahidi mwingine, na unaongea lugha ya nyumbani. Chama cha Biblia cha Tanzania makao yake makuu yako mjini hapa. Agano Jipya la Kiswahili la Askofu Edward Steere lilichapwa mwaka 1879 na Biblia nzima ikafuata mwaka 1891, na katika miaka hiyohiyo wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliokwisha weka kituo Mpwapwa walikuwa wakijifunza Cigogo ili Maandiko yasomwe kwa lugha hiyo. Mama wa Mvumi anapoifungua Biblia ya Cigogo na kumwita Mungu Mulungu, hasomi muhtasari wa neno la Mungu. Anasoma neno la Mungu. Kanisa halijamwambia akajifunze Kiebrania kwanza. Kama mamlaka yangekuwa katika herufi zenyewe, mama huyo angekuwa na nakala ya daraja la pili, na Wakristo karibu wote duniani pamoja naye. Tunaamini uvuvio unavuka mto wa tafsiri, ambayo ni kazi ya watu, yenye mabishano ya vikao na maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya. Halafu tunashtuka kusikia kwamba mwanzoni nako kulikuwa na watu!

Tukiendelea kuamini uvuvio wa imla, atakayefaidika ni mshika kipaza sauti. Kitabu kisichoruhusiwa kuulizwa kinazaa mhubiri asiyeruhusiwa kuulizwa. Mstari unachomolewa, unaninginizwa peke yake kama hirizi, na mamlaka yake yote yanahamia kwenye mkono unaouninginiza. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Walioambiwa hivyo walisomewa Biblia. Na hapa mjini namfahamu mama aliyeacha dawa za presha miezi minne kwa sababu mtumishi mmoja alimsomea, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona," na kumwambia kwamba kidonge ni kutoamini. Alipopooza upande mmoja, mtumishi yule alisema imani yake ilipungua.

Hakuna aliyemsomea habari za Trofimo. Mtume aliyefanya miujiza alimwacha rafiki yake Mileto akiwa mgonjwa, akaandika hivyo bila kumlaumu. Hakuna aliyemsomea 1 Timotheo 5:23, ambapo Timotheo anaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yampatayo mara kwa mara, dawa ya zama zile, nasi tunaishi katika mji wa zabibu. Mistari hiyo ndiyo yenye mkono wa mtu ulio wazi zaidi, ndiyo tunayoiruka tukitafuta yenye ngurumo, na ndiyo ingemwokoa. Mamlaka ya Biblia ni ya Biblia nzima, pamoja na joho na mgonjwa wake, na inamkalia mhubiri kabla ya kumkalia msikilizaji. Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91 alipomjaribu Yesu juu ya kinara cha hekalu. Yesu alimjibu kwa andiko lingine: "Tena imeandikwa." Na watu wa Beroya walipomsikiliza Paulo mwenyewe akihubiri, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka hakuwaita wakaidi. Aliwaita waungwana.

Kwa hiyo ninawaomba wachungaji, mapadre, makatekista na wainjilisti wa mkoa huu wasiijibu video ile kwa kuwakataza watu kuitazama. Waingie nayo darasani. Vyuo tunavyo, Msalato na Kongwa vimewafundisha watumishi haya yote kwa miongo mingi. Mchungaji anasoma habari za nakala za kale chuoni, anafaulu mtihani, kisha anapanda mimbarani na kunyamaza, akihofia kuwakwaza waumini. Wamekwazwa tayari, na aliyewakwaza aliwafikia kwa simu. Nehemia 8 inasema Walawi walisoma katika torati kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Sehemu ya kusoma kwa sauti tunaifanya vizuri sana, tena kwa spika kubwa.

Jumatano ile bibi aliniomba nimwandikie kwa penseli, pembeni ya mstari wake, yale mabano yanasema nini. Niliandika kwa herufi kubwa ili aone: nakala za kale zaidi hazina mstari huu, soma Marko 9:29. Akafungua Marko, lakini hakuanzia hapo. Akarudi mpaka mstari wa 14, akaisoma habari yote ya yule baba na mwanawe mwenye pepo, polepole, kidole kikifuata maneno, na saa yetu ya kufunga ibada ikapita.